Anayeuliza na Anayehesabu: Daftari la Safari za Mabunge ya Korona

Wellington

Kamati niliyoifuata Wellington haikuwa na chumba. Nilikuwa mjini humo kwa shughuli nyingine, nikabakiwa na nusu siku kabla ya ndege, basi nikapanda kilima hadi kwenye majengo ya Bunge la New Zealand nikitegemea kuonyeshwa meza, viti, pengine hata kibao cha mwenyekiti. Binti aliyekuwa akitutembeza alicheka. Kamati hiyo, alisema, ilifanya kazi yake karibu yote kwa Zoom, kila mjumbe na sebule yake, na wananchi wakiitazama moja kwa moja kutoka sebule zao.

Habari yake ni fupi. Tarehe 25 Machi 2020, siku ya mwisho kabla ya nchi kufungwa, Bunge liliahirishwa na vyama vyote vikakubaliana kuunda kamati maalumu ya watu 11 ya kuisimamia serikali katika vita vya korona. Mwenyekiti akawekwa kiongozi wa upinzani mwenyewe, Simon Bridges, na upinzani ukapewa wajumbe wengi kuliko serikali. Kwa mtu aliyekulia Tanga, sentensi hiyo huisomi mara moja ukaielewa. Serikali ilikuwa na wingi bungeni, ikaunda kwa hiari chombo ambacho ndani yake haina wingi.

Kikao cha kwanza kilikuwa tarehe 31 Machi. Mkurugenzi Mkuu wa Afya, Ashley Bloomfield, aliitwa mapema kabisa akaulizwa juu ya upimaji na vifaa vya kujikinga. Profesa David Skegg, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, aliketi pamoja na kamati kama mshauri, hivyo wanasiasa hawakuwa wakibahatisha. Mambo yaliulizwa wakati yangali yanaweza kubadilishwa, na hilo sikulikuta kwingine kokote nilikopita.

Walifika hata kwenye sheria. Walitaka kuona ushauri wa kisheria ambao serikali iliutegemea ilipowaamuru watu wabaki majumbani, wakatoa hati za wito, na serikali ikagoma ikisema ushauri wa mwanasheria ni siri ya mteja. Agosti ya mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaamua kwamba siku tisa za mwanzo amri ile haikuwa na msingi wa sheria, ingawa hatua yenyewe ilihitajika. Kumbe waliuliza penyewe. Lakini hukumu ilipotoka kamati ilikuwa imeshavunjwa, tangu tarehe 26 Mei, siku nne tu baada ya Bridges kuondolewa katika uongozi wa chama chake. Wananchi wengi walimwona kama mtu wa kulalama wakati wa msiba, na walimsema pia kwa kuendesha gari kutoka kwake Tauranga hadi Wellington kuongoza vikao ilhali wao wamejifungia. Mwenyekiti wa kamati ya ugonjwa huchungwa na kanuni za ugonjwa kuliko mtu yeyote. Nairobi nilikuta mfano mkali zaidi.

London

Ukitaka kwenda kwenye Bunge la Uingereza, nakushauri uanzie ng'ambo ya pili ya mto Thames. Kwenye ukuta ulio chini ya hospitali ya St Thomas', zipo nyoyo nyekundu zilizochorwa kwa mkono, moja kwa kila aliyekufa kwa korona, zimepangana karibu nusu kilomita. Wafiwa walianza kuzichora Machi 2021 bila kumngoja mtu awape ruhusa. Zimepita laki mbili. Nyingine zimefifia na nyingine zimepakwa upya, na ndani yake yameandikwa majina: mama fulani, babu fulani, mhudumu wa wodi fulani. Kila mbunge anayesimama barazani upande wa mtoni huuona ukuta huo apende asipende. Waziri Mkuu Boris Johnson, aliyelazwa katika hospitali hiyohiyo Aprili 2020, alikuwa jirani yake kwa namna mbili.

Ukivuka daraja unafika Portcullis House, jengo la ofisi na vyumba vya kamati. Unapekuliwa kama uwanja wa ndege, kisha unaingia ukumbi wa kioo wenye miti mirefu ya jamii ya mkuyu iliyopandwa ndani kwa ndani. Sikuombwa kadi wala barua ya utambulisho. Kamati niliyoingia siku hiyo ilikuwa ikihoji habari za reli. Meza ina umbo la kiatu cha farasi, shahidi anaketi kwenye uwazi wake, sisi watazamaji nyuma ya mgongo wake. Unachokiona wewe ni kisogo cha shahidi na nyuso za wanaomuuliza. Nilipenda mpangilio huo, kwa sababu unaona nani amesoma makaratasi na nani amekuja kuuza sura.

Katika vyumba hivyo, kamati mbili, ya afya na ya sayansi, ziliungana kuanzia Oktoba 2020 zikachunguza jinsi serikali ilivyoupokea ugonjwa. Wajumbe 22, wengi wao wa chama tawala. Tarehe 26 Mei 2021 Dominic Cummings, aliyekuwa mshauri mkuu wa Waziri Mkuu, alikaa kwenye kiti cha shahidi karibu saa saba akimlaumu waziri wa afya, Matt Hancock, na bosi wake wa zamani. Majuma mawili baadaye Hancock akaja kujibu. Ripoti ilitoka tarehe 12 Oktoba 2021, nayo haikumung'unya maneno. Kuchelewa kufunga nchi mwanzoni, na fikra iliyokuwa nyuma ya kuchelewa huko, vilihesabiwa miongoni mwa makosa makubwa kabisa ya afya ya umma katika historia ya nchi hiyo. Chanjo ilisifiwa kwa kiwango kilekile cha ukali.

Ajabu ya London ni mwenyekiti. Jeremy Hunt, aliyeongoza upande wa afya, alikuwa waziri wa afya kuanzia 2012 hadi 2018. Zoezi kubwa la kujipima kwa ajili ya mlipuko wa mafua, lililoitwa Cygnus, lilifanyika Oktoba 2016 yeye akiwa wizarani. Ripoti inalaumu nchi kwa kujiandaa na mafua na kusahau virusi vya aina nyingine, na Hunt amekiri hadharani kwamba naye alikuwamo katika fikra hizo. Je, ni sawa? Nilibishana na mpwa wangu anayeishi huko, tukiwa tumeketi na vikombe vya kahawa visivyo na ladha. "Mjomba," aliniambia, "kwetu angejitoa." Nikamjibu kwamba kwetu asingekuwepo wa kumwambia ajitoe. Mimi naona Hunt alifaa kwa sababu moja: alijua faili gani liko kabati gani. Ila kuna sura katika ripoti ile ambazo zingeandikwa kwa wino mzito zaidi kama kalamu ingeshikwa na mtu mwingine.

Lakini nguvu ya London si Hunt. Iko kwenye Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, inayolifanyia kazi Bunge. Wakaguzi hao ndio waliohesabu kwamba kati ya katikati ya Machi na katikati ya Aprili 2020, watu wapatao 25,000 walitolewa hospitalini wakapelekwa kwenye nyumba za kulelea wazee, wengi bila kupimwa. Ndio waliogundua pia kuwa kampuni zilizopitishwa kwenye njia ya upendeleo, yaani zilizopendekezwa na mawaziri, wabunge na wakubwa wengine, zilikuwa na nafasi ya moja katika kumi ya kupata zabuni ya vifaa vya kujikinga, wakati zilizopita mlango wa kawaida hazikufikia moja katika mia. Kamati ya Hesabu za Umma, chini ya Meg Hillier wa upinzani, ilipohoji mpango wa kupima na kufuatilia waliokutana na wagonjwa, uliotengewa pauni bilioni 37 kwa miaka miwili, haikuhitaji ufundi wa kisiasa. Ilikuwa na karatasi mezani, ikauliza faida yake iko wapi.

Nisiwapambe mno. Kanuni za kufunga nchi zilianza kutumika tarehe 26 Machi 2020 kwa sheria ya afya ya 1984, bila Bunge kuzipigia kura kwanza, na nyingine nyingi zikafuata njia hiyohiyo. Spika Lindsay Hoyle alivumilia hadi tarehe 30 Septemba, akaikaripia serikali mbele ya ukumbi kwa kulidharau Bunge. Hancock akaahidi kwamba hatua kubwa za nchi nzima zitaletwa kupigiwa kura kabla, pale itakapowezekana. Maneno hayo ya mwisho, kila anayejua serikali anajua uzito wake.

Nairobi

Nairobi niliingia kwa basi la usiku kutoka Tanga kupitia Mombasa, miguu imevimba, na bado nikaenda moja kwa moja Barabara ya Bunge. Tangu 2024 kamati nyingi zimehamia kwenye jengo jipya refu, Bunge Tower. Mlinzi alinitazama viatu, akanitazama kitambulisho, akasema, "Karibu Kenya, mzee. Huko juu mko na lifti."

Kwa maandishi, hakuna kamati yenye meno kama ya Kenya. Ibara ya 125 ya Katiba ya 2010 inaipa kila kamati uwezo wa Mahakama Kuu wa kumwita shahidi na kudai nyaraka, na ibara ya 118 inaamuru Bunge lifanye kazi yake mlango wazi. Tena walianza mapema. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa na Waziri wa Afya Mutahi Kagwe tarehe 13 Machi 2020, na kufikia tarehe 31 Seneti ilikuwa na kamati maalumu ya watu saba chini ya Johnson Sakaja, seneta wa Nairobi. Siku hiyohiyo Wellington walikuwa wakifungua kikao chao cha kwanza.

Mwishoni mwa Aprili Wizara ya Afya iliipelekea kamati ya afya ya Bunge la Taifa mchanganuo wa fedha zilizotoka Benki ya Dunia. Ndani yake mlikuwa na shilingi milioni 42 za kukodi magari ya wagonjwa, milioni 2 za muda wa maongezi, na milioni 4 za chai na vitafunio. Nchi ililipuka. Wizara ikaeleza kwamba ilikuwa makadirio, kwamba watu wa zamu ya usiku wanakula; hakuna aliyesikiliza. Nilimwuliza muuza magazeti karibu na kituo cha mabasi cha Kencom kama bado anakumbuka sakata la korona. "Mzee, bilioni mimi sijaiona, siwezi kuigombania," alisema. "Lakini chai najua ni pesa ngapi."

Nimeifikiria kauli yake sana, na sikubaliani nayo yote. Milioni 4 zilikuwa chembe. Zilimeza mjadala wa majuma mazima ambamo ingeweza kuulizwa vitanda vya wagonjwa mahututi viko kaunti gani. Lakini pia zilifanya jambo ambalo ripoti nene haifanyi: zilimfundisha mtu wa barabarani kwamba mchanganuo upo, unaweza kudaiwa, na ukidaiwa unaletwa.

Julai ikamkuta Sakaja. Mwenyekiti wa kamati ya korona alikamatwa kwenye baa eneo la Kilimani baada ya saa za kafyu, akakiri kosa mahakamani, akatozwa faini ya shilingi 15,000, akajiuzulu uenyekiti. Miaka miwili baadaye Nairobi ilimchagua kuwa gavana. Watu wa pwani wana namna yao ya kusema mambo haya kwa kunyamaza na kuinua nyusi, na ndivyo alivyofanya shangazi yangu wa Mombasa nilipomtajia.

Kisha ikaja KEMSA, mamlaka ya serikali ya kununua na kusambaza dawa. Agosti 2020 kipindi cha uchunguzi cha televisheni ya NTV kiliwaonyesha Wakenya watu waliotajirika kwa ugonjwa, vijana wakaingia barabarani, na Seneti ikamtaka Mkaguzi Mkuu, Nancy Gathungu, afanye ukaguzi maalumu. Majibu yake ya Septemba ndiyo yaliyobadilisha mazungumzo. Ununuzi wa shilingi bilioni 7.8 ulifanywa nje ya taratibu, kwa bei zilizozidi za soko, na bidhaa za zaidi ya shilingi bilioni 6 zilikuwa zimelala ghalani bila mnunuzi. Kampuni moja iliyosajiliwa Januari ya mwaka huo ilikuwa imepewa barua ya ahadi ya mavazi ya kujikinga ya shilingi bilioni 4, seti moja shilingi 9,000, barua iliyokuja kufutwa baadaye.

Kuanzia hapo Kamati ya Uwekezaji wa Umma ya Bunge la Taifa, chini ya Abdullswamad Shariff Nassir, mbunge wa Mvita, iliwapanga mashahidi mmoja baada ya mwingine: wakurugenzi waliosimamishwa, wajumbe wa bodi, wenye kampuni. Nilizitazama kanda za vikao hivyo nikiwa nyumbani kwa shangazi, yeye akikuna nazi na kutoa hukumu zake. Kinachovutia si ukali. Ni pale mwenye kampuni anapoulizwa aliijuaje nafasi ya zabuni, akaanza kusimulia kwamba alipita tu ofisini akaacha barua ya nia. Karatasi ya Gathungu iko mbele ya wabunge, kwa hiyo kila jibu lina pa kugongea.

Na hapo ndipo ninapowalaumu. Tarehe 7 Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki wa Kenya waligoma. Miongoni mwa madai yao ni bima ya afya na vifaa vya kujikinga. Vifaa vya kujikinga! Wakati ghala la Embakasi limejaa hadi darini. Mabunge yote mawili yalikuwa yakiijua bei ya kila glavu, lakini nilipopekua mijadala yao nilitafuta kwa taabu mtu aliyesimama na kuunganisha mambo hayo mawili katika sentensi moja: iliyonunuliwa ipo, na anayeihitaji hana, ni nani aliyeshika ufunguo? Mkaguzi huhesabu fedha, hahesabu wagonjwa. Kamati inayomtegemea mkaguzi peke yake huijua zabuni na kuisahau wodi. London waliponea hapo kwa sababu wakaguzi wao walihesabu pia wazee waliotolewa hospitalini. Nairobi uchunguzi wa afya uligeuka uchunguzi wa manunuzi, na wengi hatukuona ulipogeukia.

Dodoma

Nyumbani nimekuweka mwisho kwa sababu ni vigumu kuandika habari za nyumbani ukiwa na daftari la mgeni. Siku hizi Dodoma tunaifikia kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam, na mabehewa yake hayana ule muda mrefu wa kupiga soga uliokuwa kwenye basi. Hata hivyo nilipata jirani, mwalimu mstaafu mwenye kofia ya kufuma. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, na tulipokwisha kuulizana makwetu akaniuliza nakwenda kumfuata nani Bungeni. Nikamwambia simfuati mtu, nafuata maswali ya mwaka 2020. Akanyamaza kidogo. "Hayo," alisema, "uliza taratibu."

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Bunge la bajeti liliendelea, viti vikaachiana nafasi, wabunge wachache wakaruhusiwa ukumbini kwa wakati mmoja. Kati ya tarehe 20 Aprili na Mei mosi wabunge watatu walifariki, mmoja wao Balozi Augustine Mahiga, Waziri wa Katiba na Sheria. Sababu zilizotangazwa hazikuwa korona. Kiongozi wa upinzani, Freeman Mbowe, aliwaagiza wabunge wa chama chake, Chadema, wakae karantini majuma mawili wasiingie ukumbini. Spika Job Ndugai aliwaamuru warudi au warudishe posho. Nimeusoma ugomvi huo mara nyingi na kila mara naona jambo lilelile: Bunge zima lilijadili mahudhurio na posho, kwa sababu mahudhurio na posho ndivyo vilivyokuwa na nambari.

Nambari za ugonjwa zilikuwa zikikatika. Tarehe 3 Mei Rais Magufuli, akiwa Chato, alieleza kuwa sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu zilitoa majibu ya kuwa na virusi. Siku iliyofuata mkuu wa maabara ya taifa alisimamishwa. Takwimu zilikuja kusimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikabaki hapo zaidi ya mwaka mmoja. Kanuni za Bunge letu zinampa mbunge swali la msingi na maswali mawili ya nyongeza, na si haba. Lakini swali la nyongeza hupanda juu ya jibu, jibu hupanda juu ya takwimu, na takwimu ilipoondolewa, hata mbunge shupavu alibaki na maoni tu. Oktoba 2020 uchaguzi ukaja, upinzani ukatoka na majimbo ya kuhesabu kwa vidole.

Baada ya Magufuli kufariki Machi 2021, mambo yalikwenda kasi. Chanjo zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson zilifika Julai. Septemba Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567, ukawa msingi wa mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa UVIKO-19, na kutokana na mpango huo yakajengwa madarasa 15,000. Utayajua ukiyaona. Mwalimu wangu wa kwenye treni aliyajua kwa bei. "Milioni ishirini kila moja," alisema akinyooshea dirisha, "na la shule yetu lilikwisha kabla ya Januari, mimi mwenyewe nilihesabu mifuko ya saruji." Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, aliyakagua matumizi, na kamati ya Bunge ya hesabu ikawa na karatasi ya kuulizia. Nikamwuliza mwalimu kama kuna aliyewahi kuja shuleni kwao kuhesabu walimu waliougua. Akasema wa saruji alikuja mara mbili.

Kilichonishughulisha pale Dodoma ni kitu kingine kidogo cha utaratibu. Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu kuutazama upya ugonjwa. Ilimaliza kazi tarehe 17 Mei, ikapendekeza takwimu zitolewe kwa umma na nchi ijiunge na mpango wa kimataifa wa chanjo. Yalikuwa mapendekezo mazuri, na ndiyo yaliyofungua milango yote iliyofuata. Wiki hiyo Bunge lilikuwa kwenye vikao vya bajeti, wabunge wako ukumbini, kipindi cha maswali kinaanza kila asubuhi. Ripoti ilikabidhiwa Ikulu, Dar es Salaam.